Maswali yenu: Wema wa ng'ambo, ukuta wa jirani

Kikapu cha barua cha mwezi huu kimejaa Mwanza: Pasiansi, Buhongwa, Kirumba, Nyakato, Mabatini, hadi kisiwani Ukara. Wenye ndugu ng'ambo wanasimulia jinsi wanavyosaidiwa na watu baki. Walioko hapa wanalalamika kwamba jirani wa ukuta mmoja hawajui hata jina lake. Tunajibu zile zinazojibika.

Mdogo wangu yuko Kanada. Kila akipiga simu ni sifa tupu za watu wa huko. Ni kweli wana upendo kuliko sisi? (Msomaji, Pasiansi)

Mdogo wako hasemi uongo. Septemba 11, 2001, anga la Marekani lilipofungwa, ndege 38 za abiria zilishushwa Gander, mji wa watu wapatao 10,000 kwenye kisiwa cha Newfoundland, huko huko Kanada. Abiria karibu 7,000 walilishwa na kulazwa mashuleni, makanisani na majumbani kwa siku kadhaa.

Sasa geuka utazame upande wetu wa ziwa. Aprili 28 na 29, 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya saa 24. Ngara ni wilaya ya wakulima wa migomba na maharage, haina uwanja mkubwa wa ndege wala hoteli za kusema. Gander imetungiwa mchezo wa jukwaani. Ngara hatuisikii ikiimbwa.

Na huko kwenye upendo kuna mengine ambayo hayaingii kwenye simu. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke Januari 2018, na Japani ikafuata Februari 2021. Serikali haiteui waziri wa jambo lisilouma. Julai na Agosti 2024, baadhi ya miji ya Uingereza iliona makundi ya watu yakishambulia misikiti na hoteli walimolala waomba hifadhi. Mgeni wa mwaka mmoja husimulia keki aliyoletewa. Aliyekaa miaka kumi, muulize alivyotafuta nyumba ya kupanga.

Tunachokiona sisi ni hiki: wema wa huko mara nyingi una ratiba na mtu wa kuishika. Wa kwetu una ratiba kwenye jambo moja tu, msiba. Barua inayofuata inaonyesha vizuri.

Binti yangu anaishi Uingereza. Alipojifungua kwa upasuaji, majirani walimletea chakula cha jioni siku 14 mfululizo. Mimi nililazwa wiki mbili hapa Mwanza. Walikuja wote siku ya kwanza, wakaleta soda, basi. Tatizo ni nini? (Mama wa Buhongwa)

Pole mama, na hongera kwa mjukuu. Alichopata binti yako ni zamu ya chakula. Mtu mmoja, ambaye si mgonjwa wala mumewe, hushika orodha. Kwenye orodha kuna tarehe, idadi ya walaji, vitu wasivyokula na saa ya kupeleka. Kila nyumba inachagua tarehe yake. Mlangoni huwekwa kasha la kutunzia chakula. Mleta chakula anaweka, anatuma ujumbe "nimeweka", anaondoka. Haingii ndani. Hapo kwenye kutoingia ndipo wengi wetu tunapokwama, maana kwetu kumpelekea mtu chakula bila kuketi naye ni kama kumtupia. Lakini mzazi mwenye mshono wa siku tatu hawezi kukaribisha wageni kila jioni kwa wiki mbili.

Pasipo mshika orodha, hata huko mambo huharibika: siku ya kwanza zinakuja sufuria tano za tambi, siku ya sita hakuna kitu. Ndicho kilichokupata wewe, ila zako zilikuwa soda.

Angalia msiba ukitokea hapo Buhongwa. Saa mbili hazijapita turubai limesimama, mwenye daftari la rambirambi ameketi, wa kuni yuko njiani, na kina mama wanajua nani anashika mwiko. Hakuna anayeuliza "tusaidie nini?" Ugonjwa hauna turubai, kwa hiyo kila mtu anadhani mwenzake ameshakwenda.

Kwa mgonjwa aliyelazwa Bugando au Sekou Toure, nyumba saba zinatosha, kila moja siku yake ya wiki. Daftari liwe na safu nne: nani anapika, nani anapeleka, nani anafua, nani analala naye. Anayepika si lazima awe anayepeleka. Asiyeweza kupika atoe nauli ya mpelekaji, na hilo lihesabike sawa na sufuria. Hesabuni sahani mbili, si moja. Anayemuuguza mgonjwa, hasa aliyetoka Sengerema au visiwani, mara nyingi ndiye anayeshinda na njaa.

Kabla ya kupanga chakula, mshika orodha amuulize muuguzi: chumvi inaruhusiwa? Sukari? Chakula kigumu? Sufuria ya mchuzi wenye chumvi nyingi kwa mgonjwa wa presha ni wema unaoumiza. Hotipoti nayo ina siri yake. Mimina maji yanayochemka, funika dakika tano, mwaga, ndipo uweke chakula kikiwa bado kinafuka. Ukiweka ugali wa vuguvugu kwenye hotipoti baridi, unalea vijidudu tu. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na jua la Mwanza saa nane mchana halisubiri hata hizo mbili. Mchuzi wa dagaa wa nazi ndio unaowahi kuchacha. Upelekeni jioni au msiupeleke kabisa. Uji uende kwenye chupa ya chai, sukari pembeni.

Kosa la mwisho, na ndilo kubwa: orodha kuandikwa siku mgonjwa anapolazwa. Iandikeni sasa, watu wakiwa wazima.

Kirumba kila kabila lina chama chake cha kuzikana. Wahaya wana chao, Wakurya wana chao, Wajita wana chao. Mimi ni mpangaji kutoka Mbeya, hapa sina kwetu. Nikifiwa nitakimbilia wapi? (Msomaji, Kirumba)

Usivilaumu sana vyama hivyo. Vilianza kwa sababu ya kueleweka: kusafirisha mwili hadi nyumbani ni gharama, na anayejua njia ya kwenu ni wa kwenu. Watanzania walioko ng'ambo wanachangishana bila kuulizana kabila kwa sababu mtaani wako watatu tu. Mkiwa wengi mnapata anasa ya kuchaguana.

Vyama vya kabila vibaki vya safari. Mtaa unahitaji mfuko mwingine, wa saa 24 za mwanzo: jeneza, usafiri wa kutoka chumba cha maiti, chai, maji, viti. Hesabu yake ni rahisi. Kaya 24, kila moja shilingi 5,000 kwa mwezi, ni 120,000. Kwa mwaka ni 1,440,000. Mkikubaliana kutoa 300,000 kwa kila msiba, misiba minne inakula 1,200,000 na mnabaki na 240,000. Ikija sita, mnapungukiwa 360,000, yaani 15,000 kwa kila kaya. Hiyo 15,000 iandikwe kwenye katiba tangu mwanzo kama mchango wa dharura. Ikiletwa kwa mara ya kwanza siku ya msiba wa sita, aliyefiwa wa sita atahisi anasimangwa.

Vikundi havivunjwi na wizi kama watu wanavyodhani. Vinavunjwa na neno "mzazi". Msiba wa nani unalipwa? Andikeni kwa majina: mwanachama, mwenza, watoto, baba na mama wa mwanachama, baba na mama wa mwenza. Mwenye wake wawili alipe kaya mbili au ataje mmoja. Aliyelelewa na shangazi amwandike shangazi badala ya mama, siku ya kujiunga, siyo siku ya kufiwa. Kila mtu aweke saini mbele ya jina la kila anayemtaja. Karatasi hiyo moja inaokoa ugomvi mwingi.

Fedha iwe sawa kwa wote. Tajiri na mama wa mihogo wapate 300,000 ile ile. Anayetaka kuongeza atie kwenye bakuli la rambirambi kwa hiari yake. Aliye nyuma miezi miwili apewe nusu, miezi mitatu asipewe. Likiandikwa mapema si ukatili.

Sanduku la chuma liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa watu watatu wasio ndugu, wala wa kanisa au msikiti mmoja. Mtunza sanduku asiwe na ufunguo wowote. Jumla isomwe kwa sauti kila mkutano na wote waikariri, hivyo daftari likiungua kumbukumbu inabaki vichwani. Zikizidi 500,000, zipelekeni benki kwa saini tatu. Mkianza kukopeshana, jueni kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka mjisajili kupitia halmashauri. Anzieni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Wewe kama mpangaji una hofu ya kuhama, na wenye nyumba wana hofu hiyo hiyo juu yako. Pendekeza kipengele hiki: anayehama mtaa akiwa amelipa abaki na haki yake miezi mitatu baada ya kuondoka, kisha inakoma. Bila hicho, wapangaji hawatajiunga, na mtabaki na chama cha wenye nyumba.

Kundi letu la WhatsApp la mtaa limevunjika tangu siasa za uchaguzi. Sasa hata tangazo la maji halifiki. (Msomaji, Nyakato)

Kundi moja lilibebeshwa kazi mbili. Fungueni la matangazo peke yake, wasimamizi tu ndio waandike: maji, umeme, mtoto aliyepotea, msiba. Wasimamizi wawe watatu wanaojulikana kutofautiana kisiasa. Porojo zipate kundi lake, na atakayetoka huko asikose habari ya maji.

Japani, pamoja na simu zao zote, mitaa mingi bado inazungusha ubao wa matangazo nyumba hadi nyumba. Unasoma, unagonga muhuri, unampelekea jirani mkononi. Unamwona uso. Kwa mzee asiye na simu janja hapo Nyakato, karatasi kwenye bao la kuandikia na mtoto wa kuitembeza inatosha.

Jambo jingine ni mahali pa kukutana. Mjumbe wa nyumba kumi ni mtu wa muhimu, lakini tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, ngazi hiyo ni ya chama. Serikali inaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Mkiitana kwa balozi, yaani mjumbe huyo, wapo watakaojiona hawakualikwa. Tumieni ofisi ya mtaa au darasa la shule, na kofia na fulana za rangi zibaki nyumbani.

Mwangaluka wahariri. Rwanda wana umuganda, kazi yao ya pamoja ya kila mwezi, Norwei nasikia wana siku zao za kazi za pamoja. Sisi Mabatini Jumamosi ya usafi maduka yanafungwa, watu wanapiga picha na mafagio, mvua ikinyesha mtaro ule ule unafurika. Walioko mlimani hawajali, maji yanatushukia sisi. (Msomaji, Mabatini)

Mwangaluka. Umeligusa lenyewe. Watu husema Mwanza imegawanyika kwa kabila au dini. Wakati wa vuli, jiji hili limegawanyika kwa mteremko. Taka anayoitupa wa juu kwenye mawe inamfikia wa chini mlangoni, na inayobaki inaingia Mto Mirongo na kuishia ziwani tunakochota.

Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65, kisha unafuata mkutano. Kumbuka pia kwamba neno hilo hilo na utaratibu huo huo vilitumiwa vibaya na wauaji mwaka 1994. Kufanya kazi pamoja hakumfanyi mtu kuwa mwema. Inategemea kazi yenyewe. Wanorwei wanaita yao *dugnad*, na wanaipenda kiasi kwamba mwaka 2004 watazamaji wa runinga walilichagua neno hilo kuwa neno la taifa. Majira ya kuchipua, wakazi wa jengo moja hutoka, hufagia, hupaka rangi, kisha hunywa kahawa pamoja. Ukiichunguza kazi yao ni ndogo, inaonekana na inaisha siku hiyo hiyo. Yetu ni "usafi wa mtaa", haina mwanzo wala mwisho, ndiyo maana inaishia kwenye picha.

Chagueni mfereji mmoja, mita 60 tu. Kaya 20, kila moja mita 3, zipimeni kwa kamba na kuchora chokaa Ijumaa jioni. Zana: koleo 6, majembe 4, reki 2, toroli 3, magunia 40, glavu na mabuti kwa wanaoingia ndani. Anzeni mwisho wa chini mkipanda juu, maji yapate pa kutokea. Mkianza juu mtakuwa mnamsukumia wa chini tope, na huo ndio ugomvi wenu wa siku zote kwa vitendo.

Sasa kosa linalorudiwa kila mwezi. Tope linachotwa na kurundikwa kwenye ukingo wa mfereji. Litazame siku ya pili: limekauka, limepasuka, lina mifuko na mabaki ya nguo. Mvua ya kwanza ya nusu saa inalirudisha lote ndani. Tope liondoke siku hiyo hiyo. Mwoneni mtendaji wa kata wiki mbili kabla kuhusu gari la kubebea, na mpate jibu la siku na saa. Gari likikosekana, kodini guta na mkubaliane na mtu mwenye shimo la kujaza, kwa maandishi. Bila hilo ahirisheni, maana mfereji usioguswa una nafuu kuliko wenye kilima cha tope pembeni.

Kuhusu wa juu: waalikeni washuke siku mbili kabla ya kazi wakaone, watu watano tu, bila hotuba. Nanyi pandeni mkaone wasivyo na njia ya gari la taka kati ya yale mawe. Wengi hutupa kwenye mfereji kwa sababu gari haliwafikii na kushuka na ndoo ya taka hadi barabarani ni dakika ishirini. Dawa ya hapo ni kijana mwenye magunia anayepita mara mbili kwa wiki, analipwa na kaya za juu na za chini kwa pamoja. Wa chini watanung'unika kulipia taka za wa juu. Wapigieni hesabu ya godoro moja lililolowa.

Fanyeni Septemba, kabla ya vuli, na Februari, kabla ya masika. Jumamosi nyingine pumzikeni.

Shikamooni. Nimesoma kwamba Uingereza wana watu wa kujitolea wanaookoa majini. Hapa kwetu tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke mwaka 2018 tunasema tutaunda kikosi cha mwalo, lakini wa kambi hii hawaelewani na wa kambi ile. Tuanzie wapi? (Kijana mvuvi, Ukara)

Marahaba. Chama hicho kinaitwa RNLI, kilianzishwa 1824, na kinaendeshwa kwa michango. Mabaharia wake wengi ni watu wenye kazi zao. King'ora chao cha mfukoni kikilia wanaacha walichoshika na kukimbilia mashua. Moyo huo mnao. Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi. Kati ya watu 43, 24 walitoka hai.

Msianze na kikosi cha kambi zote. Anzeni na mtumbwi mmoja wa zamu kwa kila kambi, kupitia BMU yenu (kikundi cha kusimamia mwalo), na namba za simu mpeane. Mtumbwi wa zamu uwe na mafuta lita 20 ambayo hayaguswi kwa uvuvi, maboya ya watu wote wa zamu, tochi, na madumu matupu manne ya lita 20 yaliyofungwa vifuniko. Kila dumu litieni maji lita moja, lipate uzito wa kurushwa lisipeperushwe na upepo, na lifungwe kamba ya mita 25. Dumu hilo mtu hulikumbatia na kuelea.

Mkikaribia, ingieni mkielekea upepo, polepole, na injini izimwe kabla mtu hajafika karibu na pangaboi lake. Tupeni dumu kwanza. Mwogeleaji hodari anayeruka kumshika anayezama, mara nyingi huzamishwa naye. Mkimpandisha ubavuni, waliomo wakae upande wa pili, na apande mmoja mmoja. Mitumbwi yote isivamie upande mmoja wa chombo kilichopinduka.

Aliyetolewa akiwa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hiyo inapeleka matapishi kwenye mapafu na kupoteza dakika. Mlazeni chali, kichwa nyuma, kidevu juu, banieni pua, mpeni pumzi 5. Asiposhtuka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, tena 30, bila kuacha, mkipokezana kila dakika mbili. Mwingine wakati huo apige 114, Zimamoto na Uokoaji.

Zoezi lifanyeni mara moja kwa mwezi, mchana, siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi na kambi zote mbili ziko nchi kavu. Wa kambi ile wacheze waliozama, wa kambi hii waokoe, mwezi ujao mbadilishane.